Siku Mama Yeremia Aliposamehewa

Itangazwe kwa Wakristo wote na majirani zao Waislamu, kuanzia Lulindi hadi Chiwata, kwamba Agatha, Mama Yeremia, ndiye mwanamke mwenye huruma kuliko wote waliowahi kubatizwa upande huu. Hakuna aliyemkosea akakosa msamaha. Wala hakuna aliyesamehewa naye akabaki na siri.

Maana Agatha hakusamehe chooni. Alisubiri ibada ya jumuiya, maombi yakiisha akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Mbuzi wa Mama Upendo amemaliza kisamvu changu chote. Nimemsamehe. Sitaki mtu amseme." Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinamsema. Mama Upendo huyo, yaani Anjelina, walipakana naye mashamba, na alikwisha kusamehewa hivyo mara nyingi mpaka watu wakamwita mbuzi wake Msamehewa.

Basi Julai ikafika, mikorosho imetoa maua. Agatha akafagia majani chini ya miti yake kama kila mtu, ili korosho zikianguka zionekane. Akayarundika, akayatia moto, akaenda mazoezi ya kwaya. Moto wa majani ya mkorosho hauachwi peke yake. Hilo Lulindi hata kuku wanalijua. Upepo ukauvusha, ukaingia kwa Anjelina. Agatha anarudi na alto yake kooni, mikorosho minne ya mwenzake imeungua, maua na yote.

Padre Cecil akamwambia asisogelee meza ya Bwana kabla ya kuomba radhi. Kuomba radhi hakukumtisha. Kilichomnyima usingizi ni namna atakavyosamehewa, kwa sababu kazi ile aliijua inavyofanywa. Akifumba macho anamwona Anjelina kwenye jumuiya, anainuka, anajifunga kanga.

Akaenda hivyo hivyo. Alimkuta uani anamenya mihogo ya kukausha makopa, rundo limempita kimo alivyokaa.

"Shikamoo, Mama Yeremia."

"Marahaba." Shikamoo ile ilimkwama kama mwiba wa samaki. "Mwanangu, nimekuja kwa ajili ya moto. Niliuwasha, nikauacha. Ni mimi."

"Najua. Ungekuwa wa nani tena?"

"Naomba unisamehe."

"Haya, nimekusamehe." Anjelina hakuacha kumenya. "Nililia siku ile, sikufichi. Yamekwisha."

Agatha akangoja. Hakikuja kingine.

"Kwenye jumuiya utasema?"

"Niseme nini?"

"Kwamba umenisamehe."

"Si nimekwambia wewe? Au ukikaa na watu ndiyo unasikia vizuri?"

Agatha alikwisha kujiandaa kuaibishwa, tena kwa unyenyekevu wa kupendeza, na sasa unyenyekevu wenyewe hana pa kuutua. Akabaki amesimama kama mgeni aliyefika akakuta harusi imeahirishwa. Anjelina akamtazama, akaona huyu haondoki, akamsukumia kigoda na kisu.

"Kaa basi, mama. Mihogo haijimenyi."

Akamenya mpaka jua likapoa na vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Njiani kurudi akakutana na mzee Twahiru, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea.

"Dada, nasikia leo umesamehewa. Wewe mtaalamu wa mambo hayo, hebu tufundishe na sisi. Ilikuwaje?"

"Nilimenya mihogo."