Lebo ya Shangazi

Shangazi yangu amekuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini. Blauzi za kiwandani zilipojaa sokoni kwa bei ya kutupa, wateja wakamkimbia. Sasa ana kibarua kwa tajiri mmoja: anafumua lebo za kiwanda na kushonea nyingine zilizoandikwa “Imeshonwa kwa mkono”, ili bei ipande mara tatu. Mwizi wa kuku ana haya kuliko tajiri huyo!

Juzi Shangazi aliletewa blauzi na binti yake. “Mama, nimejinyima nikakununulia kazi ya fundi, siyo yale matakataka ya kiwandani. Ona lebo!”

Shangazi akageuza kola, akaliona fundo lake mwenyewe la uzi, lile analolikaza mara mbili kila anaposhonea lebo. Akaivaa, akafunga vifungo vyote hadi shingoni.

“Asante, mwanangu,” akasema, kisha akatoka nje kutema mate.