Jogoo Tuliyetembea Naye

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu Gatitu, kijiji cha mashamba ya kahawa, na jirani yangu alikuwa Helen, mwalimu Mwingereza. Alipenda kunionyesha picha za kwao: wazazi na watoto wakipita vijia vya mashambani, kondoo kila upande. Siku moja akaniambia kwa Kiswahili chake kipya, "Jumamosi tutembee na watoto, kule kwenye kahawa."

Kwetu, kutembea ni kwenda kwa watu. Nikavaa viatu vya kisigino vya kanisani, wanangu nikawavalisha soksi nyeupe, na jogoo wangu mkubwa nikamtia kwenye kiondo, kichwa nje. Mikono mitupu ni aibu.

Helen alimtazama yule jogoo, akakaza kamba za buti zake.

Tukateremka mtoni, tukapanda mlima, watoto wakichuma mapera na kuimba. Hata leo nikinusa maua ya kahawa, nawasikia. Lakini visigino vilizama kwenye udongo, na kila boma tulilolikaribia nilijifunga kitambaa cha kichwa upya, kisha tukalipita.

Hatimaye mama mmoja mzee akatupungia mkono langoni. Helen akampungia pia. Nikajua tumefika! Nikaingia mbio, nikamkumbatia, nikamkabidhi jogoo na kumshukuru kwa mwaliko. Viti vikatolewa, chai ikawekwa jikoni.

"Karibuni sana," akasema mama, jogoo kwapani. "Lakini ati, nyinyi ni akina nani?"

Nikamgeukia Helen. "Si umwambie!"

"Mimi simjui," akaninong'oneza. "Nilidhani ni shangazi yako."