Magharibi Mbili, Mkeka Mmoja

Nakumbuka, mwanangu, jioni moja ya Ramadhani pale Chang'ombe, jioni ambayo hadi leo hunijia kama ndoto ya mchana: karakana zimenyamaza, vumbi la barabarani limetua, na harufu ya uji wa pilipili manga inatambaa kutoka ua hadi ua bila kubisha hodi. Nilikuwa kijana wa Kikristo kutoka Songea, mwalimu mgeni, nimepanga chumba kwa Mzee Kondo, Mzaramo mcha Mungu aliyeswali msikiti wa mtaani na asiyependa maneno mengi.

Ukuta kwa ukuta nasi aliishi Bwana Murtaza, muuza vipuri, Mhindi wa madhehebu ya Shia. Siku hiyo alitualika kufuturu. Shabani, mtoto wa Mzee Kondo na rika langu, hakutaka twende.

"Baba, wanasema kule adhana inalia, mwenye nyumba anawatazama tu wageni, wala hagusi chakula. Hafungi yule. Anawadharau."

"Umeona au umesikia?"

"Nimesikia. Lakini si lisemwalo lipo?"

"Lipo," mzee akajibu, akivaa kofia yake. "Lipo kinywani mwa aliyelisema. Mimi nakwenda kutazama. Ikiwa ni dharau nitaiona mwenyewe, na tangu leo milango yetu haitafunguliana tena."

Nikaingiwa na hofu. Nyumba zile mbili zilikuwa zikichota maji bomba moja na kusimamiana misibani tangu sijazaliwa. Ujirani wa umri ule sasa ulikuwa unawekwa mkekani pamoja na sambusa.

Tukaenda wote watatu, tukaketi uani kwa Bwana Murtaza. Adhana ya mtaani ikapanda, nyororo, ikapita juu ya mabati. Bwana Murtaza hakugusa kitu. Shabani akanipiga kiwiko.

"Si nilikwambia, Mwalimu?"

Hapo mwenyeji wetu akainuka, akachukua sahani ya tende, akaiweka kwa mikono miwili mbele ya Mzee Kondo. "Mzee, wakati wako umeingia. Futuru. Mie bado kidogo. Kwetu tunangoja wekundu wa mashariki uondoke."

Sote tukageuka. Mwanangu, nilikuwa nikifundisha jiografia, na machweo nilikuwa nimeyatazama maisha yangu yote, lakini sikuwahi kugeuza shingo. Jua lilikuwa limezama magharibi, na huko mashariki, juu ya mapaa ya viwanda, anga lilikuwa limeona haya: wekundu mwepesi, kama shavu la mtoto aliyeamka usingizini, ukipanda na kufifia taratibu.

Mzee Kondo akala tende, akanywa maji, akamshukuru Mola wake. Kisha akaisogeza sahani.

"Sunna yangu nimeitimiza. Hilo bokoboko la ngano na nyama tutalila pamoja." Akanigeukia. "Na wewe Mwalimu, adhana yako ipi?"

"Mimi, mzee, ni mtu wa kengele."

"Basi leo kengele anayo Murtaza. Subiri."

Wakacheka wazee wale wawili. Shabani alikwisha kunyoosha mkono kwenye sambusa. Jicho la baba yake likaurudisha.

Tukangoja. Mvuke wa uji ulipanda mbele yetu, popo wakaanza kupita, na watu wa dini mbili na madhehebu mawili tukatazama upande mmoja wa mbingu hadi rangi ikaisha. Bwana Murtaza akasoma dua yake kwa sauti ya chini, akaitia tende kinywani, akasema, "Karibuni sasa."

Mzee Kondo ndipo alipomwambia mwanawe, bila kupaza sauti: "Waliokwambia hagusi chakula waliona nusu, Shabani. Nusu nyingine wameipika wenyewe. Kesho kawaambie alikuwa akingoja nini."

Leo ninaishi Gongo la Mboto, mzee mwenye fimbo, na uvumi hauna haja tena ya kutembea; hufika kwa simu, ukisukumwa na watu ambao hawakuona hata hiyo nusu. Vijana huniletea: jirani fulani hivi, dini fulani vile. Nami huwauliza swali lile lile la Mzee Kondo, na wengi hurudisha simu mfukoni.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Usiipime saumu ya jirani yako kwa saa yako. Ukisikia neno juu yake, nenda kwake, ukae mkekani, wala usiondoke kabla chakula hakijaliwa, kwa maana wengi wamehukumu nyumba ambazo walichungulia tu. Ikija Krismasi au Pasaka, nawe mkaribishe, na umwekee alichohalalishiwa. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, lakini jirani hawi karibu kwa sababu ya ukuta.

Mungu akujalie jirani atakayekutangulizia tende wakati wako ukifika, na akujalie wewe subira ya kumngojea wake.