Bajia ya Kwanza

Baba yangu hujaribu mafuta kwa bajia moja. Huidondosha katikati ya karai. Ikizama ikakaa chini, anachochea moto. Ikipanda upesi na povu lake, mafuta yamekuwa tayari. Hiyo ya kwanza haiuzwi. Tangu nilipokuwa mfupi kuliko meza yake pale Kombani, ilikuwa yangu. Hunipa juu ya kipande cha gazeti, nami hutakiwa kusema neno moja: chumvi, ikiwa haijakolea, au imekaa, ikiwa sawa.

Kazi hii alijifunza ujanani, Mombasa, kwa Mhindi mmoja aliyeuza vitafunio. Wateja walibishana mbele yake kila siku juu ya mapishi ya kwao, naye akayashika yote. Mgujarati, atakwambia, hapiki chatne ya ukwaju bila sukari guru. Watu wa Mumbai huponda kiazi, wakakivika unga wa dengu, wakakikaanga na kukitia ndani ya mkate. Wa kusini kabisa hupenda chatne ya nazi, kama sisi. "Kiazi ni kile kile," husema, "lakini kila mtu na kwao."

Mwaka jana wenzangu wa uandishi walipanga alasiri ya hadithi na chakula katika nyumba moja ya wageni Diani. Wakaniomba nizungumze juu ya vyakula vya mitaani vya India, na niwatafutie mpishi. Nikamleta baba. Nilimwomba avue kikoi, avae suruali na aproni nyeupe. Akavaa.

Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Mzee huyu umemtoa wapi?"

Baba alikuwa akimenya viazi hatua tatu kutoka tuliposimama.

"Kombani," nikasema. "Ni mpishi wa barabarani, ana mkono mzuri."

Hapakuwa na uongo ndani yake hata neno moja. Ndiyo maana maneno yalinitoka kwa wepesi vile.

Kisha nikazungumza. Sukari guru, mkate wa Mumbai, nazi ya kusini. Yote niliyasema kana kwamba niliyachimbua mwenyewe vitabuni. Watu waliandika. Hata ile ya kiazi na kwao niliitumia, wakapiga makofi.

Mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa, akainua mkono. "Bibi yangu alikuwa akimwaga kijiko cha mafuta ya moto ndani ya unga wa bajia, kabla ya kukaanga. Kwa nini?"

Nikafunua karatasi zangu. Nikafunua tena.

"Ili ganda liwe jepesi, mama," sauti ikatoka penye karai. "Bila hayo litakunywa mafuta."

Yule mama akacheka kwa furaha. "Kumbe! Basi wewe ndiwe uliyemfundisha binti huyu?"

Watu wote wakageuka. Baba akanitazama, kijiko kikiwa juu, akangoja. Neno la kumtambulisha lilikuwa fupi, la kwanza nililowahi kujifunza. Nikainamia karatasi.

"Hapana, mama," akasema. "Yeye amesoma. Mimi napika tu."

Akadondosha bajia ya kwanza. Ikapanda. Akaiweka kwenye sahani ya kioo, akaniletea kwa mikono miwili, kama anavyompa mgeni.

"Onja, madam."

"Imekaa," nikasema.

"Ahsante, madam."

Kesho yake asubuhi nilikwenda Kombani. Watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni. Nikapita hadi mbele.

"Shikamoo, baba!" nilisema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara.

"Marahaba."

"Leo mwandishi kaamkia mafutani!" akanitania mwanamke aliyesimama wa kwanza, kikapu begani. "Vitabu havishibishi, eh?"

Bajia ya kwanza ikazama, ikapanda. Baba akaitoa, akaiweka kwenye kipande cha gazeti. Mkono wangu ulikuwa umekwisha nyooka. Akampa yule mwanamke.

"Panga foleni, mwanangu," akaniambia. "Hawa wametangulia."

Mwanangu. Alilitamka mbele ya watu wote, wala hakupunguza sauti. Nikarudi nyuma, nikasimama wa mwisho.