Somo la Wageni

Kazi yangu chuo kikuu ni kusimamia mafunzo ya walimu, na msimu wa mazoezi ya kufundisha ukifika, huwafuata wanachuo wetu kwenye shule walikopangiwa. Siku ile sikumwambia mtu kwamba nakwenda shule moja ya migombani, juu ya Moshi. Hata hivyo nilimkuta mwalimu mkuu ananisubiri getini, na chai yangu imeshamiminwa ofisini. Sikuigusa.

Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha hesabu za sehemu kwa kutumia ndizi mbivu na kisu. Kila alipouliza swali, mikono yote ilikuwa juu. Mimi darasa la namna hiyo siliamini hata kidogo; darasa la kweli halikosi anayesinzia. Mara msichana wa dawati la mbele akajibu, "Theluthi mbili," wakati ndizi yenyewe bado haijakatwa wala swali halijaulizwa. Mwanachuo akamkazia macho, watoto wengine wakainamisha vichwa.

Kengele ilipolia nilimwita yule msichana nje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Somo hili mmeanza kufundishwa lini?"

"Wiki iliyopita, tunalirudia kila siku. Ni somo la wageni."

Vikombe vya wageni navijua. Nyumbani kwetu vilikaa kabatini, na sisi watoto tulinywea vya bati. Lakini somo la wageni?

"Na lenu mnafundishwa lini?"

Akaangalia gari langu pale getini.

"Tunasubiri uondoke."