Mke wa Munyao Aliyeacha Posho

Munyao mwenye bucha hakuwa na kibao mlangoni. Alikuwa na mke. Mwongeli alikaa kwenye stuli kando ya ndoana za nyama, pale Majengo, Thika, shingo imejaa mikunjo na stuli yenyewe haionekani chini yake, na aliyepita njia alijua bila kuambiwa kwamba nyumba hiyo haijui njaa. Munyao mwenyewe alikuwa mkavu, mishipa na mifupa tupu, lakini nani alikuwa na haja ya kumtazama yeye? "Mwili wa Mama Mbithe ndio baraka yangu," alipenda kusema kanisani, akimwita mkewe kwa jina la binti yao, na wazee wenzake wakaitikia amina, utadhani yeye ndiye aliyeuumba.

Ilikuwa miaka ya hamsini, karibu na mwisho wa Emajensi, ile hali ya hatari ya Waingereza. Ng'ambo ya mto Wakikuyu walikuwa wamefungiwa vijijini ndani ya mitaro, na watoto wao walikauka mbele ya macho ya kila mtu. Wakati kama huo unene ni heshima, na watu wa Majengo waliupigia saluti kuliko walivyompigia Bwana DC. Mwongeli naye aliupenda, tusimsingizie utakatifu. Alipenda wanawake wampishe njiani, na alipenda kuitwa mnene.

Kisha kikaja kiu. Alikunywa maji hadi tumbo likalia, na bado ulimi ukakwama kwenye kaakaa. Akawa mtu wa kukimbilia nyuma ya nyumba kila mara, na mahali alipochuchumaa sisimizi walijipanga kuanzia asubuhi, wanakunywa. Kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu kikakataa kupona. Siku moja akiwa buchani aliona ndoana mbili mahali palipokuwa na moja, akanyoosha mkono kutundika paja la mbuzi, likaanguka mavumbini mbele ya wateja. Munyao akamtukana. Mwongeli hakusikia tusi lenyewe, maana moyo wake ulikuwa umeshikwa na kitu kimoja tu: macho.

Alikwenda kwa daktari Mhindi karibu na soko. Mzee huyo alichukua mkojo wake, akautia dawa ya buluu, akauchemsha juu ya taa ya spiriti, na ile buluu ikageuka rangi ya tofali.

"Wewe iko na sukari kwa damu," alisema. "Posho hapana. Viazi hapana. Ndizi, uji, muhogo, hapana. Sukari ya chai, kabisa hapana."

"Nitakula nini sasa, daktari?"

"Bwana yako nauza nini?"

"Nyama."

"Basi kula hiyo. Na mboga ya majani, na yai. Wewe narudi kwa posho, macho nakwisha. Halafu wewe nakwisha."

Kuacha posho, ugali wenyewe! Mwambie samaki aache maji. Lakini Mwongeli alikuwa ameona ndoana mbili, na hofu ilimshika vizuri. Kila jioni alisonga ugali wa watu sita kwa mikono yake, akaupakua, harufu ya ukoko ikampanda puani, kisha akageuka akala matumbo na majani ya kunde. Wiki za kwanza kichwa kilimpasuka na hasira zikamjaa. Alimpiga Mbithe, binti yake mkubwa, kwa kutafuna muhindi wa kuchoma karibu naye. Asubuhi alikula mayai na chai isiyo na sukari. Mchana ini, figo, mchicha, maziwa lala. Majirani walikuja kuchungulia: mwanamke anakula ini kwa kisu, peke yake, kama mzee wa ukoo! Wakacheka hadi wakashika mbavu.

Mwili ukaanza kuondoka. Kwanza uso, kisha mikono, kisha tumbo lile lililokuwa likitangulia mlangoni. Fundi wa nguo alipunguza gauni lake, akapunguza tena, akamwambia afadhali ashone jipya. Stuli ikaonekana. Na kadiri Mwongeli alivyopungua ndivyo alivyopona: kidonda kikafunga, ndoana ikawa moja, akawa anateka maji mtoni na kupanda mlima bila kuhema. Krismasi ilipofika alijisahau, akala chapati na chai tamu na watu wa kanisa siku mbili mfululizo, kiu kikarudi na sisimizi wakarudi nacho. Akarudi kwenye nyama na mboga, vyote vikaondoka. Tangu hapo hakufanya mchezo. Miaka miwili hakuonja posho, na mwili ukakaa palepale, mwepesi, wake mwenyewe. Asubuhi nyingine alipanda njia ya kutoka mtoni akitabasamu peke yake kama mwendawazimu, kwa furaha tu ya kuona jani moja moja mtini.

Furaha hiyo ilikuwa yake tu. "Munyao, mke wako unamlisha mifupa?" wateja waliuliza. "Nyama yako unauza yote?" Kwenye baraza la wazee wa kanisa mtu alimnasihi, kwa upole wenye sumu, kwamba mume Mkristo huanza kushibisha nyumba yake. Munyao akafululiza hadi nyumbani.

"Umenivua nguo, Mama Mbithe. Mbele ya watu."

"Nimepona, Baba Mbithe. Huoni nimepona?"

"Naona mifupa."

Akamwondoa buchani. Mwongeli akakaa nyuma, akisafisha matumbo.

Mwaka uliofuata Kimeu, karani kijana wa shamba la mkonge, akamtaka Mbithe. Mbithe alimpenda vibaya, akawa hasikii la mtu. Mbuzi wa kwanza wa mahari wangepelekwa nyumbani kwa ukoo, upande wa Gatuanyaga, kwa Ndila, mama yake Munyao. Hapo Munyao akapata wazo, na ole wa nyumba ambayo mjinga wake amepata wazo.

"Mama yake Kimeu atakutazama wewe ndiyo ajue msichana atakuwa mwanamke gani," alimwambia mkewe. "Akiona hiyo shingo yako atarudi na mbuzi zake. Wewe utaenda kwa mwaitu, mama yangu, ukae huko mpaka wakuje. Akurudishe mwili."

"Daktari alisema macho yataisha. Alisema nitakufa."

"Kwa sababu ya sukari? Sukari ni ugonjwa? Basi Wahindi wote wenye duka wangekuwa kaburini."

Akampakia kwenye lori la mkonge pamoja na gunia la unga na mfuko wa sukari.

Ndila hakuwa mwanamke mbaya, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Alikuwa amezika watoto wawili wakati wa njaa, na kwake mfupa ukionekana ni kosa la mtu fulani kutopika. Alipomwona mke wa mwanawe anashuka lorini alilia. Asubuhi yake aliamka mapema, akapika uji wa wimbi, mzito, akautia sukari kwa kiganja, akauleta kwenye kitete, kibuyu cha wageni wa heshima. Wanawake wa jirani walikuwa uani wanaambua mbaazi pamoja na mke wa Nzomo, ndugu yake Munyao.

"Nisamehe, mwaitu," Mwongeli alisema. "Mimi sinywi uji."

Mikono yote kwenye mbaazi ikasimama. Watu wa mjini hawatajua alichokuwa amesema. Huko, kukataa chakula cha mkono wa mama mkwe, mbele ya mashahidi, ni kumwambia kwamba mkono wake una sumu. Ni kumwita mchawi bila kutaja neno. Na jina hilo likishaingia boma halitoki. Binti za boma hilo huzeekea jikoni, maana hakuna anayeoa damu ya mchawi.

"Unaogopa mkono wangu, Mama Mbithe?" Ndila aliuliza. 

Mwongeli aliangalia zile nyuso uani. Aliona habari ikitembea kutoka uani kwa Ndila hadi kambi ya mkonge, hadi kwa mama yake Kimeu, kabla hata jua halijawa kali. Alimwona Mbithe akizeekea jikoni. Akakumbuka ile Krismasi, jinsi mwili ulivyomsamehe. Ni mpaka wageni waje tu, alijiambia, kisha nitarudi kwenye mboga zangu. Akapokea kitete kwa mikono miwili, akanywa hadi chini, na wanawake wakapiga vigelegele.

Basi akalishwa. Uji asubuhi, viazi vitamu saa nne, ugali mchana, ndizi mbivu, muthokoi wa mahindi na maharagwe jioni, na chai tamu katikati ya vyote. Ndila alisimama mbele yake hadi bakuli liwe tupu, akimsifu kama mtoto. Wanawake walikuja na kazi zao kumtazama akila. Aliomba nyama, akaambiwa nyama inawangoja wageni. Kiu kilipokuja aliomba maji, na maji Gatuanyaga yanatoka mbali, juu ya mgongo wa punda.

"Maji ya nini, na uji upo?" alisema Ndila, akamjazia tena.

Kadiri alivyokunywa ndivyo kiu kilivyozidi, na kadiri kiu kilivyozidi ndivyo alivyopewa uji. Na ule mwili waliokuwa wanautafuta, haukuja. Ulikimbia. Mashavu yaliingia ndani, mifupa ya kifua ikajitokeza, miguu ikashindwa kumpeleka chooni. Ndila akashangaa, akaongeza sukari.

Mbithe alifika siku chache kabla ya wageni. Alimkuta mamake amelala kwenye ngozi, anapapasa kutafuta uso wa bintiye.

"Mama! Unakula posho? Twende kwa daktari, saa hii!"

"Nyamaza."

"Utakufa, mama."

"Nikitoka hapa sasa, nyanya yako ni mchawi na wewe huna bwana. Mbuzi zikiingia, kesho yake tutaenda. Ngoja mbuzi ziingie tu."

Mbithe alimtaka Kimeu. Tuseme ukweli: alimtaka kiasi kwamba alingoja.

Siku yenyewe Munyao alikuja na nguo. Alikuwa amehifadhi lile gauni la zamani la maua, la enzi za stuli. Alipomwona mkewe, mtu angetegemea kwamba hapo angalau angempakia kwenye lori. Badala yake alichukua blanketi, akalikunja, akamwamuru mke wa Nzomo amfunge Mwongeli nalo tumboni na kifuani, kisha amvishe gauni juu yake. Wakambeba wakamkalisha uani penye kivuli, amejazwa blanketi kama mto, na juu ya gauni hilo kubwa kikatoka kichwa kidogo kikavu, mdomo wazi. Pumzi yake ilinuka matunda yaliyoharibika.

Wageni wakafika na mbuzi wao. Wanaume wakakaa upande mmoja. Rael, mama yake Kimeu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kwaya, akaja moja kwa moja kumsalimu mama wa binti. Akamshika mkono. Akausikia mkono huo, akapandisha vidole hadi kwenye kiwiko, akabonyeza gauni mahali pa mbavu, na blanketi likabonyea.

"Mama wa watu ana nini?" aliuliza.

"Hana kitu," mke wa Nzomo aliharakisha kusema, akitaka kulipamba boma lao. "Anakula sana! Wakati alikuja hapa alikuwa mzima anatembea, na mwaitu amempikia mwenyewe kila kitu. Hakuna mtu mwingine amegusa chakula yake."

Rael akauachia mkono wa Mwongeli. Alimtazama Ndila, aliyekuwa anakuja na tabasamu, akigawa uji kwa wageni. Alitazama kitete kilichokuwa tayari mkononi mwake mwenyewe. Akakiweka chini, polepole, bila kukionja. Mwanamke wa kando yake akaweka chake. Na wa tatu, na wa nne, hadi vibuyu vyote vikawa vimesimama mavumbini, vimejaa.

"Ni ugonjwa!" Mbithe alipiga kelele. "Daktari alimkataza posho! Ni ugonjwa!"

"Daktari gani huyo anakataza mtu ugali?" mzee mmoja aliuliza, na wengine wakawa wameshasimama.

Mwongeli alielewa yote. Hakuona nyuso tena, mwanga tu na vivuli vinavyosogea, lakini alisikia mbuzi wakifunguliwa kamba, akasikia Munyao akikimbia nyuma ya wazee akibembeleza, na akamsikia Kimeu akiitwa na mama yake, mara moja, naye akatii. Alitaka kusema kwamba mkono wa mkwewe ni safi, kwamba ni yeye aliyejua na kunywa. Ulimi ulikuwa umekauka, haukunyanyuka.

Ndila akapiga magoti mbele yake. Kilio chake kilikuwa cha mtu aliyeona kaburi lake limechimbwa angali hai.

"Waambie, Mama Mbithe. Waambie mimi sijakufanya kitu. Kunywa! Kunywa wakuone!"

Akamwinua kichwa, akamwekea kitete midomoni. Mwongeli alikuwa na kiu, na kulikuwa na hilo tu lililobaki la kumfanyia yule mama. Akanywa uji wote hadi chini, lakini wageni walikuwa wameshatoka uani, na hakuna aliyegeuka kutazama.