Kompyuta ya Marehemu Agyapong

Pokuaa aliuchomoa waya kwa mkono wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Taa zilikuwa zimeanza kupepesa. Pale mtaani Tafo, taa zikipepesa hakuna anayengoja kuambiwa. Kila nyumba watu hukimbilia soketi, wachomoe friji, wachomoe televisheni, kabla umeme haujarudi kwa kishindo ukaunguza vyote. Pokuaa alikimbia kama alivyokimbia miaka yote. Akachomoa friji, kisha akachomoa kompyuta ya marehemu mumewe. Kwenye kioo palikuwa na kiduara kinachozunguka na maandishi chini yake. Maandishi yale yalikuwa yakimwambia asizime. Lakini yalimwambia mtu ambaye baba yake alisomesha watoto wa kiume tu, na betri ya kompyuta ile ilishakufa zamani. Ukiondoa waya umeiondolea roho. Kioo kikawa cheusi. Umeme uliporudi akaiwasha, kiduara kikazunguka weee, kikazimika, kikaanza upya. Ikawa hiyo ndiyo kazi yake.

Asingeigusa kompyuta ile kama si shida. Binti yake Oforiwaa, anayefanya kazi mji wa mbali wa Tamale, alikuwa amemwelekeza kwa simu jinsi ya kuiunganisha na mtandao ili video moja iliyokuwamo imfikie. Kumbe mashine haikuwa imeonja mtandao tangu Agyapong afe. Ilipoupata tu, kabla video haijatumwa popote, ikaanza kujiapdeti.

Na ndani ya video ile ndimo lilimokuwa tanuri lake.

Tanuri la mkate la Pokuaa limekaa nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi ya ukoo wa mumewe. Alipoolewa palikuwa jalala. Yeye ndiye aliyelifagia, akabeba udongo kwa karai, akajenga tanuri, likabomoka, akajenga jingine. Miaka yote hiyo unga wake ulilisha nyumba nzima, hata wapwa wa mumewe waliokuja kwa wiki moja wakakaa mpaka wakaota ndevu. Hakuna aliyewahi kumuuliza ardhi ni ya nani. Mwanamke akiwa anakanda, ardhi ni yake. Tanuri likianza kuingiza riziki, ndipo watu wanapokumbuka mababu.

Agyapong aliliona hilo mapema. Akamwomba mkuu wa ukoo wa wakati ule, na kipande kile akapewa Pokuaa mbele ya watu. Lakini kwa Waasante kupewa peke yake hakutoshi, mpaka ushukuru. Unaleta kinywaji, kinamiminwa, kila shahidi anapiga funda. Aliyekunywa amekubali, na kesho hawezi kuja kusema hakuona. Pokuaa alileta chupa, watu wakanywa, na Agyapong akairekodi shughuli yote.

Mkuu yule wa zamani alikufa. Kisha Agyapong naye. Alipofanyiwa kumbukumbu ya mwaka, mkuu mpya, Mzee Boadu, aliita kikao akasema ardhi ya ukoo irudi kwa ukoo, kuna vijana wanataka kujenga maduka. Pokuaa akasema alishukuru, na shukrani yake ilinywewa. Boadu akauliza: aliyekunywa ni nani, asimame. Kati ya waliokuwapo siku ile, aliyebaki hai ni mmoja tu, Afia Nsiah, dada wa Agyapong, wifi yake. Nsiah alizitazama kucha zake, akasema siku hizi hakumbuki hata alichokula jana. Kikao kikaahirishwa mpaka Jumapili.

Basi Pokuaa akaifunga kompyuta kwa kitenge kama mtoto mgonjwa, akaipeleka mjini Adum kwa Fuseini, fundi mwenye meza chini ya ngazi za jengo la benki. Fuseini aliiwasha, akakitazama kiduara, akaguna.

"Nani aliizima katikati?"

"Umeme."

"Umeme una mikono, mama?"

Fuseini akaeleza kwamba anaweza kuifuta yote, iwake kama mpya siku ile ile; wengi ndivyo wanavyotaka. Pokuaa akamwambia akiifuta, basi amfute na yeye. Hapo Fuseini akabonyeza kitufe hiki na kile, akafika mahali pa kuiondoa ile apdeti iliyovunjika njiani, na mashine ikagoma. Ilikuwa imejifunga. Ilitaka namba ndefu ya ufunguo, na namba hiyo Agyapong aliihifadhi kwenye akaunti yake huko mtandaoni. Fuseini alisema anaweza kuingia humo, ila kwanza watatuma ujumbe kwenye simu ya mwenye akaunti, na mwenye simu asome namba zilizoingia.

"Mwenye simu amekufa," Pokuaa alisema.

"Aliyeishika, basi."

Aliyeishika alikuwa Nsiah. Siku Agyapong alipokata roho, Nsiah aliichukua simu ya kaka yake mkononi mwa maiti, kwa kisingizio cha kuwapigia watu wa msiba, na haikurudi; tangu hapo huivaa shingoni kwa mkufu. Pokuaa alicheka, ila hakikuwa kicheko cha furaha. Ufunguo wa ushahidi wake ulikuwa kifuani mwa aliyeukana.

Alimkuta Nsiah uani, anachambua majani ya kontomire kwa ajili ya mboga.

"Umekuja na mkate," Nsiah alisema bila kuinua uso. "Wa kusalimia au wa kuomba?"

"Wa kula, wifi."

"Wewe hujawahi kutoa mkate mtupu. Kaa. Kama ni simu ya kaka yangu, umepotea njia."

Pokuaa akakaa. Njiani alikuwa amejiandaa kusema ukweli: kwamba humo ndani upo wewe, unakunywa, na Jumapili nitawaonyesha. Lakini alipomwona wifi yake na mkufu wa ile simu shingoni, maneno yaligeuka yenyewe.

"Mle ndani ya kompyuta kuna sauti yake. Anaongea. Nataka kumsikia."

Mikono ya Nsiah ikasimama juu ya majani. "Anaongea kweli?"

"Anaongea na kucheka."

"Mimi humu nina picha tu," Nsiah alisema, akaishika simu. "Namtazama kila siku. Picha haijibu, wifi." Pokuaa akamweleza kuhusu ujumbe wenye namba utakaoingia kwenye simu ile. Nsiah akasema atazisoma hizo namba, lakini kwa sharti moja: naye aende kusikia.

Pokuaa akampigia Fuseini. Simu ya marehemu ikatetemeka kifuani, Nsiah akaisogeza mbali na macho, akazitaja namba moja moja kwa sauti ya sokoni. Kusoma hakujua, sawa na Pokuaa. Ila namba, nani auze nyanya asizijue?

Walipofika Adum mashine ilikuwa imefunguka. Fuseini alikwisha kuitoa ile apdeti, na kioo kilikuwa na picha ya kwaya ya kanisa, Agyapong mstari wa nyuma. Pokuaa akamwonyesha kwa kidole picha ndogo yenye tanuri. Fuseini akaibonyeza.

Kwanza kikaja kikohozi. Agyapong alikuwa hawezi kuanza maneno bila kukohoa. Nsiah akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakaanza kumtoka kabla kaka yake hajamaliza salamu. Pokuaa hakulia. Macho yake yalikuwa kwenye glasi ya kinywaji mle kiooni. Aliifuata ikitoka kwa mkuu wa zamani, ikipita mkono huu, mkono ule, mpaka ikafika kwa mwanamke mwenye kilemba chekundu. Mwanamke akapiga funda, akafuta midomo, akasema kwa nguvu, "Umetunywesha vizuri, mke wetu. Sasa mkate nakula bure mpaka nife!" Watu wote kwenye video wakaangua kicheko.

Pale mezani hakuna aliyecheka. Nsiah alishusha kiganja.

"Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unatafuta."

"Sikukudanganya. Sauti si hiyo?"

"Ungeniomba tu, wifi."

"Nilikuomba mbele ya ukoo mzima. Ulitazama kucha."

Nsiah alimwomba Fuseini amwekee ile sauti kwenye simu, sauti peke yake, picha hazitaki. Akawekewa. Akaondoka na simu sikioni, hakuaga.

Jumapili Pokuaa alikwenda kikaoni na kompyuta ndani ya kitenge, chaja juu yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amepanga maneno ya kumpasulia kila mtu. Hakupata nafasi. Mzee Boadu alipokuwa bado anakohoa apate pa kuanzia, Nsiah alisimama.

"Nilikunywa."

"Kikao kilichopita ulisema hukumbuki," Boadu alisema.

"Nimekumbushwa."

Akaketi. Boadu akasonya, akazungumza mengi kuhusu heshima ya ukoo na wanawake wa siku hizi, lakini funda halirudi kinywani. Ardhi ikabaki kwa Pokuaa. Watu walipotawanyika, Nsiah alipita karibu yake, nguo zikagusana, na hakumsalimu. Kesho yake Pokuaa alimpelekea mkate wa siagi, ule anaoupenda. Ulirudishwa vile vile ulivyofungwa.

Jioni Oforiwaa alipiga simu. Alikwisha kusikia kwamba tanuri limepona, akafurahi, akacheka peke yake kwa muda. Kisha akauliza taratibu, "Na baba je? Alisemaje mle?"

Pokuaa alikuwa ameshika koleo la kutolea mikate. Akajaribu kukumbuka. Akakiona kikohozi, akaiona glasi, akauona mkono wa Nsiah na kilemba chekundu. Maneno ya mumewe hakuyapata hata moja. Kompyuta ilikuwa juu ya kabati, nzima, waya umechomekwa, na kitufe cha kuiwasha alikuwa anakijua.

Akamwambia binti yake mkate unaungua, akakata simu.